Ulimi wa Ofisi ya Viwango

Wanaoishi kwa ulimi ni wengi: madalali, wanasiasa, na sisi wachuuzi. Shemeji yangu naye aliishi kwa ulimi, ila yeye hakulipwa aseme. Alilipwa aonje.

Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa. Kazini walimwita Ulimi, na jina likamfuata mpaka nyumbani, hata dada akawa analitumia akikasirika. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya viwango, ile inayopima kama mizani inasema kweli, kama waya wa umeme una shaba ya kutosha, kama kofia ya fundi mwashi inahimili tofali likimdondokea. Aliingia pale akiwa mfagizi.

Mimi nauza vifaa vya kazi: glovu, buti, miwani ya kuchomelea, barakoa. Nilianza kwa kutembeza glovu kwenye majengo yanayojengwa, leo nina duka na ghala nyuma yake. Kwa hiyo sheria ya barakoa sikuisoma. Ilinifundisha yenyewe, kwa kunichukulia mizigo. Barakoa ya fundi si kile kitambaa cha kuzuia chafya. Ya fundi imevimba kama kikombe, ina mikanda miwili ya kupita kichwani na kibati laini cha kubana puani. Sheria inaidai mambo mawili. Kwanza, kitambaa chake kizuie vumbi. Hilo hupimwa na mashine. Pili, kingo zake zishike uso, maana kitambaa kizuri kisichoshika uso ni sawa na kufunga mlango wa chuma ukaacha dirisha wazi. Hilo la pili, pale ofisini kwao, lilipimwa kwa nyuso za watu.

Mtu alivaa barakoa, kisha akavishwa mfuko mkubwa wa plastiki uliomfunika mpaka mabegani, wenye kidirisha mbele na kitundu kidogo. Kupitia kitundu hicho alipuliziwa ukungu wa maji machungu, machungu ya shubiri. Akaambiwa ageuze kichwa huku na huku, ainame, asome kwa sauti, apumue kwa nguvu. Mwisho aliulizwa swali moja tu: "Unaonja kitu?" Akionja uchungu, barakoa inavuja na haipati nembo. Isiyo na nembo haiuzwi. Ikikutwa dukani inachukuliwa, na mwenye duka anaifuata.

Sasa nyuso hazifanani, na sheria ilitaka za kila namna: pana, ndefu, ya duara, nyembamba. Siku moja mwenye uso mwembamba hakufika kazini. Mpimaji mmoja akachungulia koridoni akamwona mfagizi.

"Wewe mwenye mashavu ya kuazima, weka ufagio. Njoo uvae hii."

Akavaa, akapuliziwa. Wenzake wote walikuwa wamesema hawaonji kitu. Yeye akakunja uso akasema, "Kuna uchungu unaingia hapa, chini ya jicho la kulia." Wakatazama: kibati kilikuwa hakishiki pembeni ya pua yake. Ufagio hakuurudia tena. Baadaye alifundishwa kazi yote, naye akawafundisha wengine, na mkuu wa maabara tunayemjua leo alipitia mikononi mwake akiwa bado anauliza choo kiko wapi.

Kwenye soko letu Ulimi aliogopwa. Wenye viwanda walikuwa wakiuliza kwanza, "Uso mwembamba leo ni nani?" Wakisikia ni yeye, wanaguna. Mimi mwenyewe nilimjaribu mara moja, kwa utani wa shemeji.

"Shemeji, huu mzigo ninaousubiri si unaweza kuuonja kwa upole kidogo?"

"Bei Chini," ndivyo alivyoniita, "ulimi hauna shemeji."

Nyumbani ulimi huohuo ulikuwa mateso. Chumvi ikizidi punje, alijua. Maziwa yakianza kufikiria kuharibika, alijua kabla ya maziwa yenyewe. Dada alipika kama mtu anayefanya mtihani, kila siku, katika ndoa nzima.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Uso wa yule binti ulikuwa wa baba yake wa kubandika: mashavu yaliyoingia ndani, pua ya mteremko, kidevu kama ncha ya yai. Shuleni alikuwa wa wastani, lakini mkono wake ulikuwa na akili. Akaingia karakana ya kukata mawe ya kuwekea juu ya makabati ya jikoni, yale mabamba yanayong'aa. Aliweza kutoboa tundu la sinki bila kung'oa hata chembe, na wanaume wa pale wakamwita Msumeno. Alilipenda jina hilo. Akija dukani kwangu alikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Mama mdogo, nipe barakoa."

Nikimpa, anaigeuza, anatafuta nembo.

"Hii baba kaionja?"

"Nembo si hiyo hapo?"

"Nembo ni ya serikali. Mimi nauliza ya baba."

"Kaionja, mwanangu. Lete hela."

Ndipo anaichukua. Mabamba yale yanapokatwa makavu hutoa vumbi laini kuliko unga, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Linakaa, linatengeneza kovu. Hilo Msumeno alilijua, baba yake ndiye aliyemweleza. Ndiyo maana hakuwahi kuingia kazini mdomo wazi.

Halafu ikaja homa. Mafua mabaya yalipita mtaani, yakampitia na Ulimi, yakamlaza. Alipoinuka, dada alinipigia simu akicheka.

"Mdogo wangu, homa imenirudishia mchumba wangu wa zamani. Anakula kila kitu! Jana nimeunguza maharage, kala, kasema asante."

"Basi usiulize," nikamwambia. "Mali nzuri ikishuka bei, nunua, nyamaza."

Ulimi alijua. Baadaye aliniambia kuwa wiki zile za kwanza kila chakula kilikuwa kama pamba iliyoloweshwa. Akajipa moyo kwamba ulimi utarudi, kama sauti inavyorudi baada ya kukauka koo. Akarudi kazini huku anausubiri.

Hapa sheria ilikuwa imeziba, na watu wakazibua. Sheria inasema mwonjaji, kabla ya kuvaa barakoa yoyote, akae kwanza ndani ya mfuko uso wazi na apuliziwe ukungu hafifu. Lazima aseme "naonja" ndipo kazi ianze, kwa sababu asiyeonja kabisa atapitisha hata chandarua. Wote pale walifanya hivyo kila asubuhi. Ulimi peke yake hakufanya, na si tangu homa, bali tangu miaka mingi. Mkuu wa maabara alikuwa akimwona anakuja anamwambia, "Mwalimu, wewe pita." Ingekuwaje amkalishe aliyemfundisha, amuulize kama ulimi wake mzima? Ingekuwa kama kumwambia baba yako aonyeshe mikono kabla ya kula. Ilikuwa heshima, na kila mtu pale aliiona nzuri.

Akapita.

Katika miezi ile ikaletwa barakoa mpya kutoka kiwanda kipya. Nyepesi, haibani, unapumua nayo bila kutoa jasho la pua. Mashine ikakipima kitambaa, kizuri kweli. Uso mpana haukuonja kitu. Wa duara haukuonja. Mrefu haukuonja. Wakafika kwa mwembamba.

"Unaonja kitu, mwalimu?"

"Sionji kitu."

Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye msibani niliwasikia watu wakisema alidanganya. Hakudanganya. Aliulizwa kama anaonja, akajibu haonji. Tatizo lilikuwa kubwa kuliko uongo; uongo angeukumbuka usiku, lakini huo ulikuwa ukweli, akalala nao vizuri.

Nembo ikapigwa. Barakoa zikajaa sokoni, na kwangu zikajaa. Wasimamizi wa majengo walizigombania. Msumeno aliijaribu moja mbele ya kioo changu cha dukani, akapumua.

"Mama mdogo, hii ni kama hujavaa kitu!"

Tukacheka wote wawili.

Kikohozi kilianza kama kikohozi. Dada akalaumu feni. Mimi nikalaumu vumbi la barabara. Msumeno akawa anasimama katikati ya ngazi za dukani kwangu, ameshika ukuta, anasingizia kwamba anasoma matangazo. Pampu ya kumwagia maji kwenye msumeno wa karakana ilikuwa imeharibika siku nyingi, wakawa wanakata mawe makavu. Mwenye karakana alikuwa akisema, "Si mnazo barakoa zenye nembo?"

Siku iliyoyafungua yote ilikuwa Jumapili, mchana, nyumbani kwa dada. Dada alikuwa amenunua makopo mapya ya jikoni, yanafanana kama mapacha, na katika kuhamisha vitu chumvi ikaingia kwenye kopo lililokusudiwa sukari. Tukamiminiwa chai. Nikapiga funda moja nikalitema kwenye sahani. Msumeno la kwake akalitemea dirishani. Dada akashika kichwa, "Jamani, nimewaua!"

Ulimi alikuwa amekunywa kikombe kizima. Akakiweka chini, akajifuta midomo.

"Leo chai imekolea," akasema. "Niongeze."

Tukaangua kicheko. Dada alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Homa yako hiyo! Mtu anakunywa bahari anasema imekolea!" Mimi machozi yalinitoka. Msumeno naye alianza kucheka, kisha kicheko chake kikakatika, nikadhani ni kikohozi. Hakikuwa kikohozi. Alikuwa anamtazama baba yake.

Akainuka, akaenda kwenye begi lake la kazi, akarudi na barakoa yake, ile nyepesi. Akaiweka mezani kando ya kikombe.

"Baba, hii uliionja lini?"

"Nini tena, mwanangu?"

"Nimeuliza lini. Kabla ya homa au baada?"

Dada bado alikuwa sakafuni na tabasamu lake, hajaelewa. Mimi nilielewa, maana ghala langu lilikuwa limejaa bidhaa ile.

"Baba. Kabla au baada?"

Ulimi aliichukua barakoa, akaigeuza, akakibinya kibati cha pua kwa kidole gumba, kama anavyofanya mtu anayetafuta maneno ndani ya kitu.

"Baada," akasema.

Msumeno aliivaa palepale, akakaza mikanda yote miwili. Akachukua kioo kidogo cha mama yake, akakiweka chini ya jicho la kulia, pembeni ya pua, akatoa pumzi. Kioo kikaingia ukungu. Akamwonyesha baba yake ukungu ule, kisha akavua, akakusanya begi, akaondoka. Chai ilibaki mezani.

Kesho yake asubuhi Ulimi alikuja dukani kabla sijafungua.

"Bei Chini, nipe katoni moja ya zile."

"Za nini?"

"Nazirudisha ofisini."

"Subiri kwanza," nikamwambia. Mimi ni mtu wa mapatano, siwezi kuona kitu kinauzwa kwa bei ya kwanza. "Tuigawe hii hatia. Mwenye karakana anakata mawe bila maji, huyo achukue nusu. Kiwanda kimetengeneza kibati cha karatasi, kichukue chake. Mkuu wako wa maabara aliyekuambia pita, naye ana fungu. Wewe unabakiwa na kipande kidogo, unakibeba, unazeeka nacho."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri.

"Hii haina punguzo, shemeji," akasema. "Fungua ghala."

Nilifungua, na nikaenda naye, kwa sababu katoni ilikuwa yangu na nilitaka nione inakokwenda. Maabara yao ni chumba chenye dirisha la kioo upande wa koridoni, nikasimama hapo. Mkuu wa maabara aliinuka alipomwona.

"Mwalimu, karibu. Leo tuna—"

"Nikalishe ndani ya mfuko. Uso wazi."

"Wewe huhitaji, mwalimu."

"Nikalishe."

Mkuu akacheka kidogo, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Akamvisha mfuko. Akapuliza ule ukungu hafifu wa kupimia ulimi.

"Unaonja?"

"Sionji. Ongeza."

Akaongeza.

"Sionji. Weka yale makali."

Akaweka maji makali yenyewe, yale ya kupimia barakoa, akapuliza. Nilikuwa nyuma ya kioo na mate yalinijaa kwa kuona tu. Ukungu ulikuwa mzito mpaka uso wa Ulimi ukaanza kupotea mle ndani.

"Mwalimu," mkuu akasema, "sema unaonja."

"Ongeza, mwanangu."

Mkuu hakuongeza. Aliuvua ule mfuko mwenyewe. Maji machungu yalikuwa yanamtiririka Ulimi midomoni hadi kidevuni, naye ametulia kama mtu aliyenawa. Tone likamwangukia mkuu mkononi. Akalifikisha mdomoni, sijui kwa nini, labda ilikuwa lazima mtu mmoja pale aonje. Uso ukamkunjamana, akageukia ukutani.

Yaliyofuata yalikuwa ya sheria, na sheria ikiamka hutembea haraka. Wakaleta uso mwingine mwembamba, ulimi mzima. Barakoa ikavuja mahali palepale. Nembo ikafutwa, tangazo likasomwa redioni, wakaguzi wakapita duka kwa duka. Kwangu walikuta katoni zimeshafungwa zimepangwa mlangoni. Karakana ilifungiwa mpaka maji yatoke kwenye msumeno. Na kanuni ikaandikwa upya: hakuna mwonjaji anayepita, awe mkuu, awe mwalimu, awe nani. Kila asubuhi, kila mtu, uso wazi kwanza. Ukiingia pale leo utamkuta mkuu wa maabara ndiye anayekaa wa kwanza.

Ulimi aliachishwa. Hawakumshtaki. Nadhani yeye alitaka wamshtaki.

Daktari aliweka picha ya mapafu ya Msumeno mbele ya taa, akatuonyesha makovu. Ulimi akamuuliza kama ni barakoa au ni kukosa maji. Daktari akasema picha haisemi vumbi lilipitia wapi, inasema tu kwamba lilipita. Ulimi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

Msumeno hakusema na baba yake kwa muda mrefu. Alirudi kuishi kwao kwa sababu hakuweza tena ngazi za chumba alichopanga, na katika nyumba ile ndogo walipishana kama wapangaji wenye ugomvi wa bomba. Dada alikuwa katikati akibeba maneno: "Mwambie baba yako dirisha lifungwe." "Mwambie mwanao limefungwa."

Kisha siku moja, mimi nipo, Msumeno akatoka jikoni na kikombe, taratibu, akapumzika mlangoni, akaja akakiweka mbele ya baba yake.

"Ina sukari," akasema. "Si nyingi."

Ulimi alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa mpaka kikapoa.

Tangu hapo ikawa ndiyo lugha yao. Hakumwambia amemsamehe, na mimi siwezi kulitia hapa neno ambalo sikulisikia. Alimwambia vitu vina ladha gani. "Hili embe chachu, baba, usijisifu." "Mchuzi umezidi chumvi, mama kapitiwa." "Maziwa yameanza kugeuka." Mzee aliyekuwa akigundua punje ya chumvi sasa aliinua macho kila tonge, akisubiri aambiwe. Na Msumeno alimpa utani wake: "Baba, ulimi wako ungekuwa gari, tungeshauuza vyuma chakavu."

"Uza," alimjibu. "Mama yako mdogo atapata mteja."

Pumzi ilipokuwa ikipungua, maneno nayo yakapungua. Ikawa "chumvi." Ikawa "tamu." Mwisho akawa anaonja, anainua kidole gumba au anakilaza, na baba yake anakula kwa kufuata kidole. Walikuwa wanatazamana pale kitandani na sinia katikati, uso mmoja mara mbili.

Msumeno alikufa kabla ya saa sita mchana, dada akimkunjia kanga nyuma ya mgongo ili aegemee.

Msibani watu walikuwa wengi, mafundi wa mawe walikuja na nguo za kazi. Yakasemwa niliyoyataja, kwamba mzee alidanganya, kwamba alimuuza mwanawe. Sikubishana na mtu. Nilikuwa nagawa vikombe. Kimoja nilimfikishia Ulimi kwenye kiti chake karibu na mlango wa chumba cha binti. Akakipokea. Akakitazama. Halafu akainua macho kuelekea kitandani, kwa mazoea, na kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Akageuka kwangu.

"Shemeji. Ina sukari?"

Mikono yangu imepima bidhaa maisha yangu yote, na mara nyingi nimejibu wateja bila kuangalia. Nilikichukua kikombe mkononi mwake, nikaonja, ndipo nikamjibu.

"Haina."

"Asante," akasema, akakinywa hivyohivyo mpaka chini.